"Itifaki imezingatiwa": maana yake na namna ya kuitumia unapozungumza hadharani

Kwenye mahafali, uzinduzi wa mradi au semina yoyote nchini Tanzania lazima utaisikia. Mtu anashika maikrofoni, anasalimu, anasema "itifaki imezingatiwa", kisha anaingia kwenye lake. Maana yake: wageni wenye vyeo vyao wamekwishatambuliwa kwa mpangilio unaostahili, kwa hiyo mimi sirudii orodha.

Itifaki yenyewe ni utaratibu wa kuheshimiana mbele ya watu. Nani atajwe kwanza, kwa cheo gani, akae wapi, azungumze baada ya nani. Katika kutaja, mgeni rasmi hutangulia, kisha unashuka mpaka "mabibi na mabwana". Katika kuzungumza mambo hugeuka: wenyeji hutangulia, mgeni rasmi husubiriwa hadi karibu na mwisho.

Watu wengi husahau kwamba kauli hii ni madai. Imezingatiwa na nani? Kama wewe ndiye wa kwanza kusimama na mshereheshaji hajamtambulisha mtu, basi haijazingatiwa, na meza kuu italiona hilo haraka kuliko utakavyomaliza sentensi. Msemaji wa kwanza anabeba kazi ya kutaja. Wanaomfuata ndio wenye haki ya kuruka.

Halafu kuna wale wanaosema "itifaki imezingatiwa, ila kwa namna ya pekee nimtambue..." na majina yanaanza kumiminika upya. Hapo ni afadhali usingeisema. Dakika ya kwanza ndiyo ambayo ukumbi mzima unakutazama. Ukiimalizia kwenye vyeo, watakaobaki nawe ni waliotajwa tu. Mtaje mgeni rasmi, mtaje mwenyeji wako, ingia kwenye hoja.

Tabia nyingine imetoka bungeni. Hotuba ya bajeti hurudia "Mheshimiwa Spika" aya baada ya aya, na kule kuna sababu: mbunge huzungumza kupitia kiti cha Spika. Kwenye risala ya kikundi cha wajasiriamali sababu hiyo haipo, lakini "Ndugu mgeni rasmi" husomwa mwanzoni mwa kila aya hadi msomaji mwenyewe anachoka. Mara moja mwanzoni, mara moja unapofikia ombi la kikundi, yatosha.

Salamu ni jambo tofauti na itifaki, na mimi ningeitunza zaidi. Tangu 2021 Rais Samia Suluhu Hassan amezoea kusema "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", na umati hujibu "Kazi iendelee". Salamu yenye kiitikio humpa mzungumzaji nafasi ya kusikia ukumbi ulivyo, kama spika zinafika nyuma, na kuvuta pumzi kabla ya neno la kwanza la maana. Anayetetemeka magoti anaihitaji kuliko mtu yeyote. Ila iwe moja. Salamu nne mfululizo, za dini zote na za chama, huzaa viitikio vinavyofifia kadiri unavyoendelea.

Kabla ya kupanda jukwaani, mfuate mshereheshaji umuulize nani amefika na nani ametuma mwakilishi. Usitegemee orodha ya jana. Mkeka, yaani orodha ya uteuzi wa viongozi, ukitoka usiku, mkuu wa wilaya uliyemwandika kwenye hotuba huenda asubuhi ni mwingine. Jina usilokuwa na uhakika nalo liache, taja cheo.

Msibani mpangilio hubadilika: wafiwa kwanza, hata kama waziri amekaa mstari wa mbele. Na ukiwa unawasilisha ripoti ofisini mbele ya watu wanane mnaoonana kila siku, itifaki haina kazi. Msalimie bosi na wenzako, fungua slaidi ya kwanza.