Je, wajua kwa nini kinanda cha zamani kina sauti nene?

Ukihudhuria mazoezi ya taarabu hapa Unguja, wasikilize wapiga fidla wanne wanaposhika noti moja. Husikii fidla moja iliyoongezwa nguvu mara nne. Unasikia sauti pana inayotetema, kwa sababu hakuna wawili waliobonyeza uzi mahali pamoja kabisa: mmoja yuko juu kidogo, mwengine chini kidogo. Noti moja ikiwa na mitetemo 440 kwa sekunde na nyengine 441, sauti zao hukutana na kuachana mara moja kila sekunde. Mchezo huo wa kukutana na kuachana ndio unene wenyewe.

Vinanda vya umeme vya analogi, yaani vinavyotoa sauti kwa saketi za umeme bila kuihesabu kwa namba, vina tabia hiyo hiyo. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ina saketi tatu za kutoa sauti, na mpigaji huzipishanisha kidogo kwa makusudi. Halafu zenyewe huyumba. Noti hupandishwa na kushushwa kwa volteji, na transista zinazoipokea volteji hiyo huathiriwa na joto. Ndiyo maana wapigaji waliwasha kinanda mapema, wakakiacha kipate moto, ndipo wakakitafutia sauti. Chumba cha Mji Mkongwe kikitiwa kiyoyozi baada ya joto la Januari, saketi za namna hiyo hulitambua badiliko hilo kabla ya watu. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa dijitali, ikihesabu sauti kwa namba, na noti zake hazikuyumba. Ni kinanda kizuri, lakini unene ule si wake.

Nusu ya pili ya siri imo kwenye kaseti inayorekodi sauti hiyo, na mimi naiona kubwa zaidi. Mkanda wa kaseti ya kawaida ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Sauti huugeuza unga huo kuwa sumaku. Ukizidisha sauti, chembe nyingi zinakuwa zimeshageuka na hazina pa kwenda, kwa hiyo kilele cha wimbi hakikatwi ghafla, hulainishwa kama ukingo wa jiwe la pwani. Kulainishwa huko huzaa sauti ndogo ndogo za juu ambazo hazikuwemo, na sikio huziita utamu. Kompyuta ikifika mwisho wa namba zake hukata wimbi kama kisu, na kinachosikika ni mkwaruzo. Tena kaseti hutembea polepole, sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati mikanda mingi ya studio ilikwenda 38. Mwendo huo hupunguza ukali wa sauti za juu, na mota isipozunguka sawasawa noti zinapepea.

Kwa hiyo huhitaji kununua Minimoog. Piga kinanda cha muziki kilichomo kwenye kompyuta, pitisha waya hadi deki ya kaseti, ongeza sauti mpaka sindano ya kipimo cha sauti iguse nyekundu, rekodi, kisha irudishe kwenye kompyuta. Fanya hivyo kwa besi na kinanda. Sauti ya mwimbaji naiacha nje kabisa, maana taarabu ni maneno, na mkanda hula "s" na "sh" bila huruma.

Shida yetu watu wa visiwani ni unyevu. Chumvi ya bahari hula viungio vya chuma, na mikanda huota ukungu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na kaseti zako. Na kabla ya kupiga mkanda wa zamani, utazame kupitia kidirisha chake. Ukiona weupe kama unga pembeni mwa mkanda, usiutie kwenye deki, kwani ukungu huo hung'ang'ania kichwa cha kusomea na kuhamia kwenye kaseti itakayofuata.