Radi, mawimbi mafupi na kazi ya kurudia

Kila msimu wa mvua, watu wanaoendesha redio za data vijijini huniuliza swali lilelile: tununue transmita yenye nguvu zaidi? Nawaambia hapana. Kwenye mawimbi mafupi hapa Uganda adui mkubwa wa data ni radi, na radi hupiga kisha ikanyamaza. Ukitoka wati 100 ukaenda 200 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya ishara). Radi ya karibu itaifunika ishara yako vilevile. Lakini kufumba na kufumbua hewa imetulia tena, na ujumbe ukirudiwa hapo unapita.

Kurudia huku kwa mashine kuliingizwa kwenye telegrafu ya redio na Mholanzi Hendrik van Duuren katika miaka ya 1940. Kila herufi aliipa biti 7, yaani alama za 0 au 1, kwa sharti kwamba 3 ziwe za aina moja na 4 za aina nyingine. Michanganyiko ya biti 7 ni 128, na inayotimiza sharti hilo ni 35 tu. Mashine inayopokea haina haja ya kuelewa ujumbe, inahesabu tu. Ikikuta 5 kwa 2, inajua herufi imeharibika na inaomba irudiwe. (Biti mbili zikigeuka kwa kupishana, hesabu hubaki sawa na kosa hupita. Ndiyo maana mifumo ya baadaye huikagua pakiti nzima (fungu zima la data) kwa hesabu ndefu zaidi.)

Mimi hupenda kufundishia SITOR, mfumo wa meli uliotokana na wazo hilo, kwa sababu kila hatua yake inaonekana. Hutuma herufi 3 kwa mkupuo, biti 100 kwa sekunde. Chukua ujumbe DAWA IMEFIKA kutoka Kampala kwenda Moroto. Fungu la kwanza, DAW, linachukua milisekunde 210. Mtumaji ananyamaza na kusikiliza. Jibu linachukua 70, na mzunguko mzima ni 450, kwa hiyo zinabaki 170 za safari na za redio kugeuka kutoka kutuma hadi kupokea. Moroto iko kilomita 340 hivi kwa mstari ulionyooka. Wimbi likipanda hadi ionosfia, tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi chini, tuseme kilomita 300 juu, kisha likashuka, linatumia chini ya milisekunde 3. Muda upo tele. Radi ikiiharibu ile A, umepoteza mzunguko mmoja, chini ya nusu sekunde.

Wengi huishia hapo wakadhani wameelewa. Je, jibu lenyewe likipigwa na radi? Mtumaji hajui kama fungu lilifika. Akilirudia hivihivi, fungu 100 linaweza kuandikwa mara mbili, na kituo cha afya kilichoagiza chupa 100 kionekane kimeagiza 100100. SITOR huzuia hilo kwa majibu ya aina mbili yanayopokezana. Fungu likifika salama, jibu linabadilika. Likifika bovu, mpokeaji anarudia jibu lake la mwisho. Mtumaji asipolisikia vizuri, hatumi data, anatuma fungu maalumu la kuomba jibu lirudiwe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kuzipa pakiti namba. Ukijenga mtandao wako wa vipima mvua vya redio, lishughulikie hili kabla hujapandisha antena.

Jua likizama mambo hubadilika. Ionosfia ya ukanda wetu wa ikweta huchafuka, ishara hupanda na kushuka haraka, na makosa huweza kuingia karibu kila fungu. Kurudia peke yake hakutoshi hapo: baada ya mizunguko mibovu 32 mfululizo, kama sekunde 14, SITOR husimamisha ujumbe na vituo huanza kutafutana upya. Simu za 4G hufanya vizuri zaidi: hazitupi nakala mbovu, huihifadhi na kuijumlisha na ile inayofuata, na nakala mbili mbovu huweza kutoa moja nzima. Kwenye mawimbi mafupi, modemu za PACTOR kutoka Ujerumani zina mbinu ya namna hiyo. Fedha yangu ningeiweka huko, na ripoti ndefu ningezituma kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, radi za usiku za Ziwa Victoria zikiwa zimepungua na za alasiri hazijaanza.