Je, wajua kwa nini kompyuta inagoma kuwaka na wakati umeme upo?

Jana umeizima vizuri, leo unabonyeza batani na kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki, hamna hata mlio. Wengi hapo hapo wanajua mashine imekufa na mafaili yamekwenda, kumbe mara nyingi tatizo liko kwenye umeme tu na hadidisiki, yaani pale mafaili yanapokaa, haijaguswa, kwahiyo mtu akikwambia upige Windows upya usimsikilize, mashine isiyowaka kabisa haijafika hata huko kwenye Windows.

Cha kwanza kuelewa ni hii batani yenyewe. Tangu mfumo wa ATX (muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani) uanze mwaka 1995, batani ya mbele ya kompyuta ya mezani haipitishi umeme wa kuwasha mashine, inagusanisha tu vipini viwili vya mazabodi (ile bodi kuu ya ndani inayounganisha vifaa vyote), ni kama kengele ya mlangoni, inaita tu ila anayefungua ni mwingine. Na mazabodi inaisikia kwa sababu hata ukiwa umezima kompyuta, pawa saplai (lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani) inaendelea kuipa volti 5 kupitia waya wa zambarau, yaani ikiwa imechomekwa kwenye soketi haijazimika kabisa. Batani ikiita, mazabodi inaushusha waya wa kijani mpaka karibu na volti 0, pawa saplai inaamka inatoa volti 12, 5 na 3.3, inajikagua, afu ndani ya kama nusu sekunde inatuma ishara kwenye waya wa kijivu kwamba umeme umetulia, hapo ndo prosesa, ubongo wa kompyuta, inaruhusiwa kuanza kazi. Hatua yoyote hapo ikifeli, wewe uliyekaa mbele unaona kitu kile kile.

Kwahiyo unafuata njia hiyo hiyo ya umeme, unaanzia nje. Chomeka taa kwenye soketi ile ile uone kama inawaka, ruka ekstensheni uchomeke moja kwa moja ukutani, badilisha kebo, angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai isije ikawa iko kwenye 0. Halafu chomoa kebo, shikilia batani ya kuwashia kwa sekunde kama 30 uachie, subiri kidogo, rudisha kebo ujaribu. Watu wanadhani huu ni ushirikina lakini una sababu, pawa saplai ikihisi shoti au umeme umeruka inajifunga kujikinga, na nyingi zinabaki zimejifunga mpaka chaji yote iishe ndani.

Bado kimya? Fungua keisi, kebo ikiwa imechomolewa, na uguse bati la keisi kwanza kutoa umeme tuli mwilini. Mazabodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka muda wote zikipata zile volti 5, ukirudisha kebo ukakiona kinawaka na bado kompyuta haiamki, mtuhumiwa wa kwanza ni batani. Chomoa kebo, chomoa kijiwaya cha batani kwenye mazabodi, rudisha umeme, gusisha vile vipini viwili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Ikiwaka, batani imekufa na mashine ni nzima, unaweza hata kuchomeka hapo kijiwaya cha batani ya riseti (ile ya kuanzisha upya) ukaendelea na kazi zako.

Ikitikisa feni mara moja kisha ikasimama, hapo fikiria shoti. Chomoa kila kitu, bakisha mazabodi, prosesa na feni yake na RAM (kijibao cha kumbukumbu ya muda) moja, afu rudisha kimoja kimoja, kitakachoizima ndo chenyewe. Angalia pia skrubu iliyodondokea nyuma ya mazabodi, na kapasita, vile vimikebe vya duara vyenye mistari iliyochongwa kichwani, kichwa kinatakiwa kiwe bapa kabisa, kikivimba juu au ukiona utomvu wa kahawia umekaukia hapo basi hiyo imeisha. (Feni zikizunguka vizuri ila skrini nyeusi, hilo ni suala lingine, anza na kuchomoa RAM na kuirudisha.)

Pawa saplai yenyewe unaipima ukiwa umeichomoa kwenye mazabodi, chukua ile plagi kubwa ya pini 24, unganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwa kipande cha waya kabla ya kuichomeka ukutani. Feni ikizunguka ujue inaamka, ila hiyo haitoshi, weka multimita (kile kipima volti) kati ya waya wa njano na mweusi, inatakiwa isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Na tafadhali usilifungue boksi la pawa saplai, nakuomba sana, ndani mna kapasita yenye volti zaidi ya 300 ambayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Ikifeli nunua nyingine.

Ikipita vipimo na batani umeshaitoa kwenye hesabu, kilichobaki kwa kawaida ni mazabodi, nenda kwa fundi na umwambie kabisa: volti 5 za zambarau zipo, nimegusisha vipini haiamki, pawa saplai ikiwa peke yake inawaka. Akianza kukutajia RAM na virusi, tafuta fundi mwingine.