Unapiga mswaki kila siku na mdomo bado unanuka? Soma hapa

Wengi wakija kwetu idara ya kinywa na meno na tatizo la mdomo kunuka, cha kwanza wanasema "dokta tumbo langu chafu", na wengine wameshajiharisha na madawa mpaka wameishiwa nguvu. Jamani, mara nyingi tumbo halihusiki. Mrija wa chakula unakaa umejifunga, hewa ya tumboni haipandi ovyo, labda uwe unabeua au una tindikali inayopanda.

Shida kubwa iko kule nyuma ya ulimi, pale mswaki ukigusa unataka kutapika. Ule utando umejaa bakteria wasiohitaji oksijeni, wanakula mabaki ya chakula na seli zilizokufa halafu wanatoa gesi zenye salfa, ndo unasikia yai viza. Na fizi pia, ikitoa damu ukipiga mswaki usisingizie mswaki mgumu, hiyo fizi inaumwa, na ukoga ukishaganda hautoki kwa mswaki wa nyumbani, lazima usafishwe kliniki. Wengine ni mdomo mkavu tu, dawa za aleji na za sonona zinakausha mate sana.

Sasa kuna yule tumemcheki, meno mazima, fizi safi, ulimi anaukwangua, na harufu ipo palepale. Hapo ndo tunaanza kuuliza mengine: sainasi (yale matundu ya hewa kwenye mifupa ya uso) zikiwa na maambukizi, vijiwe vya kwenye tonsili, kukohoa makohozi yanayonuka maana mapafuni kunaweza kuwa na usaha. Mtoto akitoa uchafu unaonuka tundu moja tu la pua mpeleke hospitali haraka, mara nyingi kaingiza kitu, na kikiwa kile kibetri kidogo cha duara kinaunguza ndani kwa masaa tu.

Harufu tamutamu kama matunda yaliyoiva kupitiliza au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na mtu ana kiu kali, anakojoa sana, anatapika, anahema kwa nguvu, hiyo ni kisukari kimechachamaa, mwili unachoma mafuta badala ya sukari na ketoni, yaani tindikali zinazotokana na mafuta hayo, zimejaa kwenye damu, ni hospitali saa hiyohiyo usisubiri asubuhi. Figo zikishindwa pumzi inanuka kama mkojo, ini nalo lina harufu yake ya uvundo mtamu, ila haya huwa hayaji peke yake, utaona na kuvimba miguu au macho kuwa ya njano, kwahiyo usianze kujipima figo kwa kunusa kiganja!

Bigijii na dawa nyingi za kusukutua zinafunika tu harufu kwa muda. Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2, dawa iwe na floraidi, kwangua ulimi, pitisha uzi katikati ya meno. Ikipita wiki 2 au 3 hakuna nafuu anza na daktari wa meno, yeye ndo atakuelekeza kwingine. Njoo na majina ya dawa zote unazotumia, na siku hiyo usisukutue wala usitafune bigijii, tunaitaka harufu yenyewe.