Kidude cha taa 25: tunavyokidhania na kilivyo

Siku ya wazazi, shuleni kwetu Ilemela, Mwanza, baba mmoja aliiweka kiganjani micro:bit, kidude tunachofundishia kompyuta, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome kompyuta. Hiki si cha kuchezea?" Sikumlaumu. Ni kidude cha sentimita 4 kwa 5, hakina kioo wala kibodi. Maswali ya namna hiyo nayasikia kila muhula, mengine kwa walimu wenzangu.

"Ni cha kuchezea tu."

Ni kompyuta. Kina prosesa (ndiyo ubongo wake), kumbukumbu, vitufe viwili, dira, kihisi cha mtikisiko, na redio ya kuzungumza na chenzake. Taa zake 25 ndizo zinazoandika namba na herufi. BBC ndiyo iliyoongoza kazi ya kukibuni, na mwaka 2016 wanafunzi takriban milioni 1 wa Uingereza, wa miaka 11 na 12, waligawiwa bure.

Muhula uliopita kundi moja la darasa la sita lilitaka kidude kiwaambie bustani ya mchicha imekauka au bado. Walichomeka misumari miwili ardhini, mmoja wakaufunga waya hadi tundu la 0, wa pili hadi tundu la 3V, linalotoa umeme. Udongo wenye maji hupitisha umeme kuliko mkavu, kwa hiyo namba inayosomeka, kati ya 0 na 1023, hupanda ukimwagilia. Wakamwaga kopo zima la maji. Namba ileile.

"Mwalimu, kimeganda!"

Hakikuwa kimeganda. Agizo la kusoma udongo walikuwa wameliweka kwenye sehemu ya kuanzia, ambayo hutekelezwa mara moja tu kidude kinapowashwa, badala ya sehemu inayojirudia muda wote. Niliona kosa lile palepale, nikanyamaza. Wakabishana, wakabadilisha misumari, wakalaumu waya. Mwishowe binti mmoja akasema, "Kinasoma mara moja, halafu kinalala." Akahamisha agizo. Namba ikaanza kupanda mbele ya macho yao, na kelele zilizotoka pale zilimleta mwalimu mkuu. Kwangu hilo ndilo somo lenyewe: kufuatilia fikra yako hatua kwa hatua mpaka uone ilipopinda.

"Bila intaneti na umeme wa uhakika haiwezekani."

Umeme ukikatika, klabu yetu ya kompyuta inaendelea. Programu huandikwa kwenye kompyuta, ikahamishwa kwa waya wa USB kama unavyonakili faili kwenye flashi, na ikishaingia haifutiki kwa kuzimwa. Kidude huendeshwa na betri mbili ndogo, zile za rimoti. Programu ya kuandikia tulishaipakua mapema, kwa hiyo hatuhitaji bando kila kipindi. Ila tusidanganyane: lazima iwepo walau laptopu au simu janja moja ya kuandikia. Sisi tuna laptopu tatu, watoto wanapokezana.

"Mtoto awe kwanza mkali wa hesabu na Kiingereza."

Hapana. Maagizo ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine kwenye kioo cha kompyuta. Maneno ya Kiingereza ya siku ya kwanza ni machache, nayaeleza kwa Kiswahili, na wanayashika upesi.

"Kompyuta ikisema, ndivyo ilivyo."

Hii hunisumbua kuliko zote, maana watoto wenyewe wanaiamini. Wanafunzi wawili ambao mama zao huuza dagaa soko la Mwaloni walitaka kupima joto la mahali dagaa wanapoanikwa. Tulianza majaribio kivulini, kando ya kipimajoto cha kawaida. Kidude kikaonyesha joto la juu zaidi. Sababu ni kwamba kihisi chake kimo ndani ya prosesa, na prosesa ikifanya kazi hupata joto lake yenyewe. Wale wawili walinuna kidogo, kisha wakachora jedwali: saa, kipimajoto, kidude, tofauti. Wiki hii wanaandika agizo la kuitoa hiyo tofauti kabla namba haijaonyeshwa.