"From whence" sio kosa jamani

Kuna wazee wa kusahihisha Kiingereza, ukiandika tu "from whence" wanakurukia, eti "whence" yenyewe ina maana ya "kutoka wapi" kwa hiyo ukiongeza "from" umesema kutoka mara mbili. Ni kama vile mwalimu wa Kiswahili anavyokukata maksi ukiandika "katika shuleni". Hesabu yao inaonekana sawa, ila historia inawakatalia.

Neno hili limetoka kwenye "hwanon" la Kiingereza cha kale, baadaye likawa "whennes", lile s la mwisho ni kiambishi tu cha zamani, halafu wakabadilisha spelingi wakaweka ce ili watu waendelee kutamka s, ndo maana linafanana na "hence" na "once". Na "from" imekuwa ikikaa mbele yake tangu karne ya 14 huko. Shakespeare katumia. Biblia ya King James ya 1611, Zaburi 121, ile ya kuinua macho kutazama milima, imeandika "from whence cometh my help" na hakuna mchungaji aliyeifuta.

Lawama zenyewe ni za zamani, Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 aliita matumizi hayo mabaya kabisa, na watu wakabeba hivyo hivyo mpaka leo. Mimi naona "whence" peke yake ni fupi na tamu zaidi, lakini hiyo ni ladha tu.