Tini si mtanga: tabaini za mkondo na sakafu ya bahari

Bamvua iliyopita, wakati wa maji makuu, nilivuka na ami kutoka Shela kwenda Manda, huku Lamu, maji yakitoka. Katikati ya mlango palikuwa na duara la maji laini kama yaliyomwagiwa mafuta, likivimba kutoka chini, likitanda, likipotea, kisha likizuka tena palepale. Ami hakutia bildi, ile timazi ya kupimia kina. Alipinda usukani kidogo tu. "Tini si mtanga hapo, ni mwamba." Yaani chini si mchanga.

Kazi yangu ni kuunda modeli za kompyuta za tabaini za mkondo, yaani mapangaboi yanayozamishwa baharini ili kupwa na kujaa kuzalishe umeme. Duara kama lile liliwahi kuniaibisha.

Kompyuta huikata bahari vipande kama matofali. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa na matofali ya upana wa mita 50, na kila tofali lina kina kimoja: wastani. Mwamba wa upana wa mita 20 ulisawazishwa ukatoweka. Nikapata sakafu tambarare kama sinia, na umeme mwingi wa kupendeza. Wa uongo.

Nguvu ya mkondo hufuata kasi mara kasi mara kasi. Mkondo wa mita 2 kwa sekunde ukishuka hadi 1.6, nguvu hubaki nusu hivi. Na sakafu ndiyo inayochezea kasi hiyo. Juu ya mgongo wa mwamba maji hubanwa yakakimbia. Upande wa pili hushindwa kuufuata mteremko, hujitenga nao na kuzaa vizingia, yaani maji yanayojizungusha. Vingine hupanda mpaka juu. Hilo ndilo duara la ami.

Sasa weka pangaboi katikati ya vurugu hiyo. Zile tabaini nne za Pentland Firth, Uskoti, kila moja ya megawati 1.5, zina mapangaboi ya kipenyo cha mita 18. Panga moja la pangaboi likiwa juu linakutana na maji ya kasi, likishuka linakutana na maji ya polepole yanayoburura sakafuni, tena yenye vizingia. Linapindwa na kuachiwa, kila mzunguko, miaka nenda miaka rudi. Chuma huchoka kama mtu.

Lakini vizingia si adui tu, na hapa ndipo kazi hii inaponinogea. Nyuma ya tabaini hubaki kivuli cha maji yaliyopungukiwa kasi. Vizingia huyakoroga na yale ya pembeni yenye mbio, kivuli kikafupika, na tabaini ya pili ikapata maji mazuri karibu zaidi.

Siku hizi natumia matofali madogo karibu na sakafu, makubwa juu. Kompyuta inakesha siku kadhaa, lakini mwamba unaonekana.

Nilimwonyesha ami picha, nyekundu penye mbio, buluu penye kivuli. Aliitazama sana, kisha akaweka kidole pembeni.

"Fungu hili la mtanga, kabla ya kusi halikuwa hapa."

Nikaenda kuangalia tarehe ya ramani yangu ya vina.